Nje Ni Wapi?

(Mazungumzo niliyoyatoa mbele ya wafanyabiashara vijana na wakulima, Tanga. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokosa pa kukaa. Vichekesho viwili nimeviondoa, maana hata siku ile havikuchekesha.)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie "mienendo mikubwa inayobadili uchumi wa dunia". Nilipoisoma nilitaka kuomba udhuru. Mimi si mchumi. Nimekuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini kwa zaidi ya miaka thelathini, na kabla ya hapo nilikuwa karani wa kuhesabu magunia kwenye matishari, zile mashua bapa za kubebea mizigo, hapa hapa Tanga. Dunia nimeijua kupitia makaratasi ya mizigo: kinachoingia, kinachotoka, na kinachokaa ghalani mpaka mwenyewe anaona aibu kukifuata.

Aliyenifanya nikubali ni mama mmoja wa Moa, mkulima wa mwani. Yumo humu ndani, nimeshamwona. Nilimkuta akianika mwani wake, nikamuuliza anamuuzia nani. Akanitajia bwana mmoja mwenye ghala. Na huyo bwana je, anamuuzia nani? "Unakwenda nje." Nje wapi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linalala wapi. "Nje, mzee. Nje si nje?"

Tukacheka wote wawili. Lakini njiani nikirudi mjini neno lile likanikaa, kwa sababu si mara yangu ya kwanza kulisikia.

Sisi watu wa Tanga tunayo haki ya kulijua neno hilo kuliko wengi, maana mji huu umejengwa na nje, na ukabomolewa na nje. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliletewa miche ya mkonge kutoka Florida. Mmea wenyewe ni wa Mexico, na Wamexico hawakutaka utoke kwao. Hata hilo jina sisal ni la bandari yao ya Yucatán. Ilifungwa miche 1,000, ikapitishwa Hamburg, mingi ikafia njiani, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62. Sitini na miwili! Ikapandwa Kikogwe, kusini ya mto Pangani. Ukisafiri leo kutoka Korogwe kuja huku ukaona mistari ile ya kijani isiyo na mwisho, kumbuka kwamba ilianza na miche inayoenea kwenye toroli moja.

Babu yangu alikuja huku na manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, kutoka upande wa Kigoma. Alikata majani, akayafunga mafungu, yakapelekwa korona. Vijana mnacheka. Kabla korona haijawa ugonjwa, kwetu ilikuwa mashine ya kukwangua majani ya mkonge ili zibaki nyuzi. Mwaka 2020 redio ilipotangaza kwamba korona imeingia nchini, kuna mzee wetu kule Muheza aliuliza imeletwa na tajiri gani.

Miaka ya mwanzo ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na hapakuwa na nchi iliyoizidi. Shule zilijengwa kwa mkonge, reli ilibeba mkonge, Tanga ilivaa vizuri kwa sababu ya mkonge. Na ungemuuliza babu unakwenda wapi, angekujibu kama mama yangu wa Moa: unakwenda nje.

Kumbe nje alikuwa mfugaji wa Marekani na wa Ulaya. Sehemu kubwa ya nyuzi zetu ilisokotwa kuwa kamba ya kufungia marobota ya majani makavu, yale wanayowekea ng'ombe akiba ya majira ya baridi. Maisha ya babu yalishikwa na ng'ombe asiyemjua na theluji ambayo hakuwahi kuiona.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1954, huko Italia, Giulio Natta na wenzake walifanikiwa kutengeneza plastiki iitwayo polipropilini, kutokana na gesi inayopatikana mafuta yanaposafishwa. Mwaka 1963 akapewa Tuzo ya Nobel, pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. Sidhani kama kuna mtu Korogwe aliyesikia habari hiyo, na angeisikia angesema hongera yake. Lakini ile plastiki inasokoteka kuwa kamba. Ni nyepesi, haiozi, unene wake ni ule ule kutoka mwanzo wa bunda hadi mwisho, na haingoji mvua wala mkataji. Mfugaji wa Marekani hakuwa na ugomvi na Tanga. Alikwenda dukani, akaona kamba mbili, akachukua ya bei nafuu.

Kuanzia 1964 bei ya mkonge ikaanza kuporomoka. Kijiweni mpaka leo watu hubishana: mkonge uliuawa na kutaifishwa kwa mashamba baada ya Azimio la Arusha, au uliuawa na nani? Mimi nasema hivi, na wazee mnisamehe. Usimamizi mbovu tulikuwa nao, sikatai. Nimeona kwa macho yangu mashine zimeota kutu na mameneja wananenepa. Lakini Azimio ni la 1967. Bei ilikuwa imeshaanguka miaka mitatu nyuma. Tulikuwa tunagombana ndani ya nyumba kuhusu nani ameacha mlango wazi, kumbe paa limekwishachukuliwa na upepo.

Wazanzibari wanayo yao. Karafuu yao ilinunuliwa kwa wingi na Indonesia, ambako huchanganywa na tumbaku kwenye sigara zao. Halafu Indonesia ikapanda mikarafuu yake mwenyewe, ikajitosheleza, na leo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha. Mteja mkubwa akageuka mshindani. Pemba walijua habari hizo walipoona bei.

Na hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa lugha zote ninazoweza jioni hii. Mabadiliko ya dunia hayabishi hodi. Yanamfikia kwanza mteja wa mteja wako, mtu usiyemjua jina, na wewe unayapata mwishoni, yakiwa yamevaa nguo ya bei. Ukiamka asubuhi ukakuta bei imebadilika, jambo lenyewe limeshatokea zamani.

Nije kwenye kazi yangu. Aprili 1956, mwenye malori mmoja wa Marekani, Malcom McLean, alipakia makontena 58 juu ya meli kuukuu ya mafuta iliyoitwa Ideal X, ikatoka Newark kwenda Houston. Hesabu iliyofanywa ikaonyesha kwamba kupakia tani moja kwa mabega ya makuli kulikuwa kunagharimu dola 5.86. Kwa kontena, senti 16. Mimi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye ule upande wa dola 5.86. Meli zilikuwa zinatia nanga huko nje ya ghuba, sisi tunazifuata na matishari, makuli wanapokezana magunia, mimi na kalamu yangu ya risasi nahesabu. Kazi ilikuwa na nyimbo. Ilikuwa na wizi pia, tuseme kweli.

Kontena lilipoenea duniani, meli zikakua, na meli kubwa haina subira na matishari. Inataka gati lenye kina, ifunge ukutani, ishushe, iondoke. Mizigo ikahamia Mombasa na Dar es Salaam, na Tanga ikabaki na upepo wake mzuri. Hakuna waziri aliyetia saini kwamba Tanga ife. Ni boksi la chuma tu. Sasa gati letu limechimbwa mpaka mita 13, meli zinafunga ukutani, na mizigo inarudi. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema. Ila limechimbwa zaidi ya miaka sitini baada ya Ideal X, na katika muda huo makuli niliofanya nao kazi wengi wao tumeshawazika.

Hilo boksi ndilo lililoifanya China iwe karakana ya dunia. China iliingia katika Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, na bila kontena isingeweza kuuza ndoo za plastiki Kariakoo kwa bei ya kushindana na mfinyanzi. Nyinyi mnaochanga fedha watu watano mnajaza kontena moja la futi 40 kutoka Guangzhou au Yiwu, mnaishi ndani ya wazo la yule mwenye malori. Na mlionja uchungu wake pia. Kabla ya janga la korona, ile korona ya pili, wastani wa nauli ya kontena la futi 40 katika njia kuu za dunia ulikuwa chini ya dola 2,000. Septemba 2021 ulipita dola 10,000. Wapo humu waliolipa nauli inayozidi thamani ya mzigo. Nawajua, niliwatolea mizigo yao.

Halafu mambo ya Bahari ya Shamu. Tangu Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli, kampuni nyingi ziliacha njia ya Suez, zikawa zinazunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Wateja wangu waliniuliza: mzee, mzigo wangu unatoka China, haupiti Suez, mbona nauli imepanda? Swali zuri. Jibu ni kwamba meli ile ile ikitumia siku kumi zaidi kwenda Ulaya, na kumi zaidi kurudi, ni sawa na meli kupungua duniani. Kila mtu anagombea zilizobaki. Ni kama daladala za Raskazone: nusu yake zikikodiwa kwenda harusini, abiria wa Raskazone hataambiwa kuna harusi. Atasimama tu kituoni.

Sisi tunaitwa mji wa waja leo waondoka leo. Wapo waja leo wengine ambao hawajawahi hata kula mishikaki ya Barabara ya Ishirini, nao ni fedha. Benki kuu ya Marekani inapoweka riba karibu na sifuri, wenye fedha zao huko wanatafuta pa kuziweka zizae, na huja mpaka Afrika kutukopesha. Riba ikipanda kwao, zinarudi nyumbani kama kuku jioni. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 riba hiyo ilipandishwa kutoka karibu sifuri mpaka asilimia 5.25 hadi 5.5. Mwaka 2023 mlikuwa mnazunguka maduka ya fedha mkitafuta dola kama mnatafuta sukari miaka ya themanini. Mkalaumu benki za hapa. Kosa lao lilikuwepo, lakini dola zenyewe zilikuwa zimeitwa kwao.

Jirani zetu Wakenya walionja zaidi. Mwaka 2014 walikopa dola bilioni 2 katika masoko ya nje kwa riba ya asilimia 6.875, zilipwe Juni 2024. Ilipokaribia siku, Januari 2024, dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160 za Kenya, na kila mtu anajiuliza watalipaje. Februari wakakopa tena, dola bilioni 1.5, safari hii kwa asilimia 9.75, ili kulipa sehemu kubwa ya deni la kwanza. Shilingi yao ikapumua. Lakini riba hulipwa kwa kodi, na Juni hiyo hiyo vijana wa Nairobi walijaza barabara kuupinga muswada wa fedha. Siasa za jirani namwachia mwenyewe. Nachosema ni kwamba uamuzi uliofanywa Washington kwa ajili ya bei za vitu vya Wamarekani, ulifika mpaka kwenye bei ya mkate wa Mkenya, na hakuna hata Mkenya mmoja aliyekuwa kwenye kikao kile.

Sasa nirudi kwenye mafuta, kwa sababu nyote mnasubiri nitaje bomba.

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, hapa kwetu Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo zimo nchini mwetu. Mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda kama samli ya Julai, kwa hiyo bomba lazima lipashwe moto njia nzima. Ni kazi kubwa, na limewapa vijana wengi ajira ya ujenzi. Mimi nalitaka. Lakini kila nikipita Chongoleani namkumbuka Natta. Mafuta ndiyo yaliyozaa kamba iliyoua mkonge wa babu yangu, na leo mjukuu wa manamba anayasubiri mafuta pwani kwa vigelegele. Dunia ina utani.

Basi tuulize lile swali. Yatakwenda wapi? Nje. Nje wapi? Benki kadhaa kubwa za Ulaya na Marekani zilikataa kulikopesha bomba hili, zikitaja mazingira na mabadiliko ya tabianchi. Machi 2025 awamu ya kwanza ya mikopo ilipotangazwa, waliotoa walikuwa benki za Afrika, ikiwemo Afreximbank, pamoja na taasisi iliyo chini ya Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Hilo peke yake ni habari ya dunia inayobadilika: miaka ishirini iliyopita mradi wa namna hii usingesimama bila London. Na mnunuzi je? Kila mtu anataja China. China hiyo hiyo, mwaka 2024, karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme mtupu au ya kuchanganya petroli na umeme wa kuchaji. Ethiopia, ambayo si tajiri kutuzidi, mwaka huo huo ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli, kwa sababu umeme wa maji wanao na dola za kununulia mafuta hawana.

Sisemi mafuta yamekwisha. Hayajaisha, na ndege na meli na hizo plastiki bado zinayataka kwa muda mrefu. Nasema kamba ya mkonge nayo haikuisha siku moja. Kwa hiyo wewe unayejenga nyumba ya wageni Chongoleani kwa mkopo wa miaka kumi na tano, nenda kajenge, lakini jua ajira za ujenzi hukoma ujenzi unapokoma, na bomba likishafukiwa halilali hotelini.

Jambo jingine linanichekesha na kunitia matumaini kwa pamoja. Mwaka 2024 kampuni moja kubwa ya Japani ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza pampasi za watoto kwa ajili ya soko la Japani, inabaki na za wazee. Watoto hawapo! Korea Kusini, mwaka 2023, wastani ulikuwa mtoto 0.72 kwa kila mwanamke. Idadi ya watu wa China yenyewe ilianza kupungua mwaka 2022, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu ile njaa yao kubwa ya 1959 hadi 1961. Na sisi? Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba ikifika 2050 mtu mmoja katika kila wanne duniani atakuwa Mwafrika.

Wanasiasa wakisikia hivyo wanapiga makofi. Mimi sipigi bado. Mtu mmoja katika wanne anaweza kuwa mteja au anaweza kuwa mkimbizi wa bahari, inategemea amekuta nini mezani. Lakini nyinyi wafanyabiashara, hebu fikirini: kwa mara ya kwanza tangu Hindorf, nje inazeeka na ndani inakua. Mteja wa unga, wa sabuni, wa bati, wa shule, anazaliwa Handeni na Goma na Kano. Mkataba wa eneo huru la biashara la Afrika ulitiwa saini Kigali mwaka 2018, na biashara chini yake ikafunguliwa rasmi Januari 2021. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Mpakani Horohoro, tunapopakana na Kenya, mwenye nyanya zake bado anajua kinachotokea.

Ushuru wa Marekani wa 2025 sitauzungumzia sana, kwa sababu ulikuwa unabadilika hata kabla chai haijapoa: Aprili waliwapandishia Wachina mpaka asilimia 145, Mei wakashusha. Mwenye kiwanda cha nguo anayeuza huko hakuweza kupanga hata wiki. Na akili bandia mtawauliza watoto wenu. Mimi inaniandikia barua za forodha, inaandika vizuri kuliko mimi, na karani niliyekuwa nataka kumwajiri sikumwajiri. Hiyo ndiyo taarifa yangu yote kuhusu hilo.

Nimalizie Moa nilikoanzia. Nilikwenda nikafuatilia yale makaratasi. Mama yangu, mwani wako ukikaushwa na kusafirishwa, huchemshwa viwandani ukatoa kitu cha kuvitia vitu uzito. Kinawekwa kwenye dawa ya meno ili isichuruzike, kwenye aiskrimu ili isitengane. Kwa hiyo nje yako ni mtu anayepiga mswaki. Washindani wako ni Indonesia na Ufilipino, wanaotoa mwani mwingi kutuzidi mara nyingi sana. Na ile aina yenye bei nzuri, ile ya kotoni, inakufa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu bahari imepata joto. Hilo unalijua kuliko mimi, umeuona mwani ukibadilika rangi mkononi. Walioisogeza kwenye kina kirefu huko Zanzibar wamepata nafuu, lakini inataka boti, na kujua kuogelea.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha. Naomba kipaza sauti kipelekwe kule nyuma, kwa huyo mama mwenye mtandio wa kijani. Mama, nina swali, na vijana wasikilize jibu lake kabla hawajaniuliza mimi chochote: yule bwana wa ghala, siku ya kupima, bei yake huwa anaitoa kwenye simu ya nani?